Makumbusho ya Agora ya Kale, Athens: anza na vifaa vya kura, Acropolis baadaye

Wageni wengi wanaofika Athens hukimbilia kupanda Acropolis, kilima chenye mahekalu. Wakishuka wameshachoka, jua limewaunguza, na Agora, uwanja wa soko na shughuli za umma wa mji wa kale, wanaikatiza haraka haraka ili wawahi chakula mtaa wa Monastiraki. Mimi nashauri kinyume chake. Ingia Agora asubuhi, lango likifunguliwa tu. Hekalu la Hephaestus litakuvuta macho kwa sababu limesimama karibu lote, lakini liache kwanza. Nenda moja kwa moja upande wa mashariki, kwenye Stoa ya Attalos, lile jengo refu lenye nguzo mbele. Humo ndani ndimo yalimo makumbusho, na mna vitu ambavyo kwangu mimi, niliyeanza kama karani wa uchaguzi nikawa msimamizi wa kituo cha kupigia kura, vina thamani kuliko sanamu zote za mji ule.

Jengo lenyewe si la enzi za demokrasia. Ni zawadi ya Attalos II, mfalme wa Pergamon aliyetawala 159–138 KK, na kwa wakati huo Athens ilikuwa mji wa kupokea zawadi za wafalme. Liliharibiwa zamani, kisha wanaakiolojia wa Kimarekani, ambao wamekuwa wakichimba Agora tangu 1931, wakalijenga upya kati ya 1952 na 1956. Ni refu, lina kivuli na upepo unapita vizuri. Wakati wa joto hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuingia.

Sasa twende kwenye kilichonipeleka. Tafuta visahani vidogo vya shaba, kila kimoja kina kijiti kilichopenya katikati, kama gurudumu la kuchezea na ekseli yake. Vingine vijiti vyake ni vizima, vingine vina tundu ndani. Hizo ndizo kura za mahakama, na baadhi zimechorwa maneno ya kuthibitisha kuwa ni kura ya umma. Kila mwamuzi, yaani raia wa kawaida aliyekaa kuamua kesi, alipewa mbili: yenye tundu ilikuwa ya mshtaki, nzima ilikuwa ya mshtakiwa. Alizishika kwa kidole gumba na cha shahada, ncha za kijiti zikiwa zimezibwa, kwa hiyo aliyesimama ubavuni mwake hakujua ipi ni ipi. Palikuwa na vyombo viwili. Kura aliyotaka ihesabiwe aliitumbukiza katika chombo cha shaba, ile nyingine katika chombo cha mbao. Mfuniko wa chombo cha shaba ulikatwa mwanya wa kupitisha kura moja tu. Upigaji ukiisha, kura zilipangwa juu ya ubao wenye matundu, kila moja imesimama kwa kijiti chake, nzima huku na za tundu kule, mbele ya macho ya wote. Kura zikilingana, mshtakiwa aliachiwa.

Maelezo haya tunayapata zaidi katika Katiba ya Waathens, kitabu kilichotoka katika shule ya mwanafalsafa Aristotle na ambacho kilikuwa kimepotea mpaka mafunjo yake yalipopatikana Misri na kuchapishwa mwaka 1891. Lakini kuyasoma ni jambo moja, kuziona kura zenyewe ni jambo jingine. Mtu aliyewahi kusimamia meza ya kuhesabia anaelewa papo hapo. Mwanya ule mwembamba upo kwa sababu ya watu wanaotumbukiza mbili. Vidole vile vinaziba ncha kwa sababu kuna tajiri amesimama mlangoni anataka kuhakikisha alichokinunua. Ubao wa matundu upo kwa sababu hesabu inayofanywa na mtu mmoja kifuani mwake haiaminiwi na yeyote. Hata posho ilifungwa humo humo: mwamuzi alikabidhiwa alama ya kupokelea malipo pale tu alipokuwa ameshapiga kura yake. Posho yenyewe, iliyoanzishwa na Pericles, kiongozi mashuhuri wa Athens, ilifika oboli 3 (sarafu ndogo za fedha) kwa siku, na ndiyo iliyomwezesha mzee maskini kuacha shughuli zake akaenda kuamua kesi.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama mahali popote Athens. Kwa kawaida ukisikia habari za demokrasia ya Wagiriki unasikia hotuba, majina ya wakubwa na maneno mazito kuhusu uhuru. Hapa unakuta watu ambao hawakumwamini yeyote, wakajitengenezea vyombo vya kuwawezesha kuishi pamoja bila kuaminiana.

Saa ya maji iko humo pia, na ni rahisi kuielewa. Vyungu viwili, kimoja juu ya kingine. Cha juu kina mrija mdogo karibu na kitako. Maji yakianza kutiririka, msemaji anaanza kusema, yakiisha, anakaa. Chungu kilichopatikana kina jina la Antiochis, moja ya makabila 10 ya raia wa Athens, na alama ya kipimo, na maji yake humalizika kwa muda wa dakika 6 hivi. Tajiri na maskini walipewa maji sawa. Hati au sheria ilipokuwa inasomwa mahakamani, mrija uliweza kuzibwa ili usomaji usile muda wa msemaji. Jambo dogo kama hilo linanigusa, kwa sababu aliyelifikiria alikuwa amemsikiliza mtu akilalamika kwamba amepunjwa muda wake, akaona malalamiko yake ni ya haki.

Usipite bila kukiona kipande cha bamba la marumaru lenye safu za nyufa nyembamba. Kwa haraka kinaonekana kama jiwe tu la ujenzi. Hiyo ndiyo mashine ya kuchagulia watu kwa bahati nasibu. Kila raia alikuwa na kibati chenye jina lake. Asubuhi ya siku ya kesi vibati vilichomekwa katika nyufa, safu kwa safu, na pembeni mwa bamba palikuwa na mrija uliojazwa vidude vyeupe na vyeusi. Kikidondoka cheupe, safu nzima imechaguliwa. Cheusi, safu nzima inarudi nyumbani. Baada ya hapo bahati nasibu nyingine ilichezwa kujua nani anaenda mahakama ipi. Mahakama zilikuwa na waamuzi 201, 401, 501 na zaidi. Nani angeweza kuwahonga wote, na hajui watakuwa akina nani mpaka asubuhi hiyo hiyo? Kitabu hicho hicho kinamtaja Anytos kuwa wa kwanza kuhonga waamuzi, baada ya kupoteza ngome ya Pylos mwaka 409 KK. Huyo ndiye baadaye alikuwa mmoja wa washtaki wa mwanafalsafa Socrates. Utaratibu wa kuchagua waamuzi asubuhi ile ile ulikuja baada ya hapo.

Mfumo huo uliendelea mpaka serikalini. Cleisthenes, kiongozi aliyeupanga mji upya mwaka 508/7 KK, baada ya udikteta wa Peisistratos na wanawe, aliwavunja watu kutoka katika koo zilizokuwa zikigombana akawapanga katika makabila mapya 10 na mitaa na vijiji 139. Kutoka huko lilipatikana Baraza la 500, watu 50 kila kabila. Katika enzi zake za kukomaa, wajumbe walichaguliwa kwa bahati nasibu, kwa mwaka mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia zaidi ya mara mbili maishani. Kila kabila lilikaa zamu sehemu moja ya kumi ya mwaka, na wale 50 wa zamu walikula pamoja katika jengo la duara, Tholos, ambalo misingi yake utaikuta nje upande wa magharibi. Theluthi yao walilala huko huko ili mji usikose mtu wa kujibu usiku. Mwenyekiti wao alibadilishwa kila siku. Kwa usiku mmoja na mchana mmoja mtu wa kawaida, mfinyanzi au mkulima, alishika muhuri wa dola na funguo za hekalu zilimowekwa fedha na nyaraka. Jua likizama alimkabidhi mwenzake, na hakushika tena maisha yake yote. Makamanda wa vita, wale 10, hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Walipigiwa kura kila mwaka na waliweza kurudi, ndiyo maana Pericles alichaguliwa mfululizo miaka 15. Waathens walijua ni kazi gani inaweza kufanywa na yeyote na ipi inahitaji ujuzi.

Vigae vya vyungu navyo huvuta watu wengi. Mara moja kwa mwaka Mkutano wa wananchi uliulizwa kama unataka kumwondoa mtu mjini. Ukikubali, siku nyingine kila raia alileta kigae alichokwaruza jina. Kura zikifika 6,000, mwenye jina lililoongoza aliondoka kwa miaka 10, bila kunyang'anywa mali yake. Wa kwanza aliondolewa mwaka 487 KK. Viongozi wakubwa hawakusalimika: Aristeides aliondoka, Themistocles aliondoka, Kimon aliondoka. Yaani Themistocles, aliyewashawishi watumie fedha ya migodi ya Laurion kujenga manowari 200, zile zilizowashinda Waajemi Salamis mwaka 480 KK!

Sitamani kukuficha jambo. Katika kisima kimoja kwenye mteremko wa kaskazini wa Acropolis vilipatikana vigae 190 vyenye jina la Themistocles, na wataalamu waliolinganisha mwandiko walikuta ni mikono 14 tu iliyoviandika. Vimeandikwa vizuri, kwa utulivu. Watu walikaa chini wakaviandaa ili wawagawie wapiga kura. Nilipoangalia vigae vya Themistocles nikiwaza hiyo mikono 14, nilijikuta nasema kwa sauti: hii naijua. Pengine vilikuwa msaada kwa wasiojua kuandika. Pengine ulikuwa mpango wa kundi. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na aliyefanya kazi hii atakwambia hivyo.

Tulikuwa na mwongoza watalii, tuliyemkodi pamoja na watu wengine. Sitamtaja yeye wala kampuni yake. Alitupitisha makumbusho yote kwa mwendo wa kukimbizana na basi, na tulipofika mwisho alisema demokrasia ya Athens ilikufa kwa sababu watu wenyewe walichoka, wakawa wavivu. Maneno hayo yalinikera, na yananikera mpaka leo, kwa sababu ushahidi wa kuyakanusha ulikuwa hatua chache kutoka aliposimama.

Demokrasia ile iliangushwa zaidi ya mara moja, na kila mara kwa njia tofauti. Mwaka 411 KK, baada ya jeshi lao kuangamia Sicily, Waathens waliishiwa fedha na matumaini. Mkutano uliitishwa Kolonos, nje ya kuta za mji, badala ya kilima cha Pnyx walikozoea. Hofu ilikuwa imetanda, watu walikuwa wanauawa kimyakimya. Kitu cha kwanza walichopitisha kilikuwa kuondoa ile kinga ya sheria iliyomruhusu raia yeyote kumshtaki mtu aliyeleta hoja inayovunja sheria. Kinga ikishaondoka, yaliyobaki yalipita kirahisi, na Watu 400 wakachukua mji. Hawakudumu, mabaharia waliokuwa Samos walikataa kuwatambua. Mwaka 404 KK, baada ya kushindwa na Sparta, wakaja watawala wale Thelathini chini ya Kritias, wakaua watu wapatao 1,500. Thrasyboulos aliishika ngome ya Phyle akiwa na wenzake wachache, na mwaka 403 KK demokrasia ikarudi kwa kiapo cha kutokukumbushana mabaya yaliyopita.

Hata kabla ya hapo, mwaka 406 KK, waliwahukumu makamanda walioshinda vita vya majini vya Arginusae lakini wakashindwa kuwaokoa mabaharia waliozama katika dhoruba. Walipigiwa kura wote kwa pamoja badala ya mmoja mmoja. Socrates alikuwa katika zamu ya Baraza siku hiyo, akapinga kwamba utaratibu umevunjwa. Umati ulipiga kelele kwamba ni ajabu wananchi kuzuiwa kufanya wanachotaka. Sita waliuawa, na baadaye mji ulijuta. Ukiwa umetoka kuangalia ule mwanya wa kura na ile saa ya maji, unaelewa kilichotokea. Vyombo vyote vilikuwepo. Walivisukuma pembeni kwa siku moja ya hasira. Hapo ndipo palipowaumiza, 406 na 411 pia: siku waliyoona utaratibu unawachelewesha.

Lakini mwisho wenyewe ulikuja kwa jeshi la kigeni, na jiwe la kuusimulia limo humo humo makumbusho. Ni sheria ya mwaka 337/6 KK, iliyoletwa na Eukrates. Juu yake pamechongwa mzee mwenye ndevu ameketi, naye ni Wananchi, na mwanamke amesimama nyuma anamvika taji: ndiye Demokrasia. Maandishi yanasema atakayemuua mtu anayejaribu kuwa dikteta hana hatia. Yanasema pia kwamba demokrasia ikipinduliwa, wazee wa baraza la Areopagos wasithubutu kupanda kilimani kukaa kikao. Atakayekaa atapoteza haki zake za uraia na mali yake itataifishwa. Yanaagiza nakala mbili zisimamishwe, na gharama ya kuchonga imeandikwa, drakma 20. Ilikuwa chini ya miaka miwili tangu mfalme Philip wa Makedonia awashinde vitani Chaeronea, na walichokiogopa zaidi ni wazee wao wenyewe watakaokubali kumfanyia kazi adui na kumpa sura ya uhalali.

Je, hao ni watu waliochoka? Katika karne hiyo hiyo walikuwa wakikutana mara 40 kwa mwaka, wakalipana posho ya kuhudhuria, wakaupanua uwanja wa Pnyx. Alexander, mwana wa Philip, alipokufa mwaka 323 KK waliinua silaha mara moja. Walishindwa baharini karibu na kisiwa cha Amorgos na nchi kavu huko Crannon mwaka 322 KK. Antipater, jemadari wa Makedonia, akaweka kikosi cha Kimakedonia Munychia, bandarini, na sharti kwamba asiye na mali ya drakma 2,000 hana haki ya kupiga kura. Maelfu walifutwa, wakabaki raia 9,000 hivi. Demosthenes, msemaji mashuhuri aliyewapinga Wamakedonia, alikunywa sumu kisiwani Kalaureia kabla hajakamatwa. Demokrasia ilirudi baadaye kwa vipindi, lakini kila mara kwa ruhusa ya jeshi la mtu mwingine.

Kuna kitu ambacho vioo vya makumbusho haviwezi kukuonyesha vya kutosha, nacho ni wale ambao hawakuhesabiwa. Yule mwanamke anayewavika Wananchi taji kwenye jiwe, mwenzake wa nyama na damu hakuwa na kura. Wageni wakaazi hawakuwa nayo hata kama walizaliwa mjini, na tangu sheria ya Pericles ya 451/0 KK ilibidi baba na mama wote wawe Waathens. Watumwa ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo. Sheria moja ya 375/4 KK, iliyopatikana ikiwa imechongwa kwenye jiwe hapa hapa Agora, inamhusu mtumwa wa umma aliyekaa kati ya meza za fedha kukagua sarafu kama ni halali. Soko zima lilitegemea jicho lake. Asipofika kazini au asipokagua inavyotakiwa, adhabu yake ilikuwa viboko 50. Nilitafuta sana namna ya kuyaweka pamoja haya na ule ubao wa matundu, na sikuipata. Yote mawili ni ya watu wale wale.

Usitegemee pia kupata hapa habari za Syracuse, mji wa Kigiriki huko Sicily uliokuwa na demokrasia kwa miaka 60 hivi mpaka Dionysios alipojitwalia madaraka mwaka 405 KK, wala za Argos, mji mwingine wa Ugiriki. Hii ni ardhi ya Athens na vitu vyake.

Kuhusu matembezi yenyewe: vaa viatu visivyoteleza, maana marumaru iliyokanyagwa karne nyingi ni laini kama imepakwa mafuta. Beba maji. Nje kuna jua kali na vivuli ni vya kutafuta. Tenga saa mbili kwa Stoa peke yake kama unataka kusoma, na usikubali kuharakishwa na mtu yeyote uliyemlipa. Ukitoka ndani, pita kwenye msingi mrefu uliobeba sanamu za Mashujaa wa makabila 10, ambapo matangazo ya hoja za sheria yalibandikwa kabla ya mkutano ili watu wazisome, halafu panda Pnyx. Hapana kiingilio, na watu ni wachache. Jukwaa la wasemaji limechongwa katika mwamba wenyewe. Ndipo palipoulizwa, kila mkutano, nani anataka kusema.

Kama bado una nguvu, Kerameikos, eneo la makaburi ya kale, haiko mbali kwa miguu. Huko vilipatikana maelfu ya vigae katika miaka ya 1960, vingi kuliko vya Agora, na waandishi wake hawakuridhika na jina tupu. Mmoja alimwandikia Kimon amchukue dada yake Elpinike na kuondoka zake.